Santuri Iliyooshwa Kama Kidonda

Ruiru, Jumapili alasiri, Julai 1956

Manyunyu tangu asubuhi, baridi imeingia mpaka kwenye magoti, na mimi leo sina neno jema la mtu yeyote. Hata kanisani nimeimba nikiwa nimekaza meno.

Namchukia Mwangi.

Basi, nimeandika. Mwangi ni mume wa dada yangu Nyokabi, dresa wa zahanati ya shamba la mkonge kule Thika, mtu wa koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, anayemwambia kila mtu afungue mdomo aseme aa. Tangu aoe kwetu nimemvumilia miaka sita. Jana nilichoka.

Habari yenyewe ni santuri. Tunazo nne hapa nyumbani. Tatu ni za kujifurahisha tu, na ya nne ni ya Ndung'u, kaka yetu. Aliimba na gitaa lake Nairobi, wakamtengenezea santuri, na mwaka haukwisha askari wakamchukua wakampeleka kizuizini. Huu ni mwaka wa tatu. Barua zake zinafika zimepakwa wino mweusi kila mstari wa pili, huwezi kujua kama ni mzima au anatudanganya. Kwa hivyo mama anangoja Jumapili. Tukitoka kanisani namzungushia gramafoni, anakaa kwenye kigoda karibu nayo kabisa, anamsikiliza mtoto wake. Mwishoni gitaa likinyamaza, Ndung'u anamwambia mama, kama mtu aliye mlangoni, "Maitu, weka chai motoni, nakuja." Na mama huinuka akaweka chai. Kila Jumapili. Hakuna anayecheka.

Santuri hiyo naiosha mimi. Dawa za dukani sina pesa za kununua, na sizihitaji. Maji ya mvua, vuguvugu tu, yasiwe moto hata kidogo. Sabuni ya kufulia nakwangua kiasi cha ukucha. Kitambaa ni fulana kuukuu ya Ndung'u mwenyewe, imefuliwa mpaka imekuwa laini. Unafuata mistari, unazunguka nayo, huikatizi. Ile karatasi ya katikati yenye jina unaifunika na kiganja isilowe. Halafu unaiegemeza ukutani kivulini, kwa sababu jua litaikunja kama chapati. Wanawake wa hapa kwetu Gitothua huniletea zao niwaoshee, na mimi, wacha nikubali, napenda kuulizwa. Napenda zaidi kukataa kusema.

Wiki mbili zilizopita Mwangi alikuja kuiazima. Mtoto wao anabatizwa, wageni watajaa, yeye ana gramafoni mpya, na anataka watu wasikie sauti ya mjomba wa mtoto. Nilikataa. Mama akasema muthoni, yaani mkwe, hanyimwi kitu, aliyemwoa binti yako ni mtoto wako, basi ikatoka. Nilimsindikiza Mwangi mpaka nje. Pale uani akageuka akaniuliza, kwa adabu zake zote, "Nikimaliza, nitaiosha na nini?" Maana kwetu kitu cha kuazima hakirudi kichafu. Kiondo hakirudi kitupu, sufuria hairudi na masizi.

Nitarudi kwa hilo swali.

Jana nilipata kibali cha kusafiri, nikapanda gari la moshi mpaka Thika kuichukua. Nilimkuta Mwangi ameilaza juu ya taulo kama mgonjwa, anatabasamu. "Shemeji, ilikuwa chafu sana," akasema. "Hebu tazama nilichotoa." Akanionyesha kitambaa, cheusi tititi. Nikakinusa.

Spiriti. Ile ile anayopaka watu mkononi kabla ya sindano.

Santuri haitaki spiriti. Spiriti inaiyeyusha. Ule weusi haukuwa uchafu, ilikuwa santuri yenyewe, na yeye alivyoona kitambaa kinazidi kuwa cheusi akazidi kusugua, akafurahi, pande zote mbili. Nilipoiinua dirishani uso wake ulikuwa umefifia karibu wote na nyuzi za pamba zimegandia ndani, na mistari huioni tena.

Nilimwambia maneno ambayo mengine siandiki hapa, na dada yangu amesimama pale na mtoto mgongoni. Nilimwita mchinjaji. Nilimwambia nawahurumia wagonjwa wake, ni Mungu tu anayewaponya. Nikaishiwa pumzi. Kisha Mwangi akasema polepole, "Shemeji, si nilikuuliza? Na wewe ulinijibu nini?"

Nilimjibu hivi: "Kwani wewe si ndiye dresa? Ioshe kama unavyoosha vidonda."

Ndivyo alivyofanya.

Ningeweza kumwambia. Maji na sabuni, maneno mawili, hayanigharimu chochote. Nilikuwa na hasira kwa sababu mama alimpa, na nilitaka ajione mjinga. Wazee husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingekuwa limeshapona.

Bado namchukia. Sasa namchukia zaidi, kwa sababu haki iko upande wake. Chai ya Nyokabi niliikataa. Nilichukua santuri, na nikachukua kile kitambaa pia, sijui nilitaka nikifanyie nini.

Leo baada ya kanisa sikuwa na uso wa kumwambia mama. Nikamzungushia gramafoni kama kawaida, nikaweka sindano. Ikakwaruza. Hakuna gitaa, hakuna Ndung'u, ni mkwaruzo tu, kama mtu anayeparura ukoko kwenye sufuria. Mama alikaa vilevile, mikono mapajani, akausikiliza wote. Nilitamani anigombeze. Nilitamani asimame aizime.

Lakini karibu na katikati Mwangi aliogopa kulowesha karatasi yenye jina la Ndung'u, akaacha upana wa kidole bila kugusa. Sindano ikafika hapo.

"...weka chai motoni, nakuja."

Mama akainuka akaweka chai.

Alipokuwa anapuliza moto akaniuliza, bila kugeuka, "Nani ameiosha hii?" Nikasema ni Mwangi. Akatikisa kichwa. "Asiiguse tena. Hiyo kazi ni yako, wewe ndiye una mkono wa upole."

Chai yake nimeinywa yote. Kitambaa kiko mfukoni mwa sweta yangu, bado kinanuka spiriti, na sijamwambia mama ni nani aliyemfundisha Mwangi kuosha.