Zofka Kikojozi Amechelewa Mwaka Huu

Podgorje, Slovenia
20 Juni

Mpendwa dada yangu Milka,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kilimani kwetu. Hujambo? Magoti yanasemaje, na hiyo baridi ya Argentina imeshaanza kuwauma? Huko mnatafuta masweta wakati sisi huku tunatoka jasho. Mimi nipo, nasukuma siku. Kikohozi kilichonishika wakati wa theluji hakijaniaga bado, lakini hakijanilaza.

Aliyelala ni mke wangu Rezka. Nilikwambia kwenye simu kwamba aliteleza kwenye theluji akavunjika nyonga. Mfupa umeshaunga, aliyegoma ni mwenyewe. Muuguzi anayekuja kumtazama alinivuta uani mwezi wa nne, akaniambia waziwazi kwamba akiendelea kulala hivyo hadi kiangazi kiingie, hatatembea tena.

Dada, nimechoka. Napika, nafua, nalisha kuku, na bado kila asubuhi niende nikasome kipimajoto na kutazama kipimamvua, niandike daftarini, maana hayo nisipoyafanya najiona kama sijaamka. Jirani yetu Pavla hupaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Mzee wa Mawingu, leo nianike au nisianike?" Namwambia aanike. Hata nguvu ya kumtania sina.

Na hali ya hewa yenyewe imenichosha. Joto lilikuja mapema, miplamu ikachanua kabla ya Pasaka, kisha ukaingia upepo mkavu ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Wale wazee watatu wa barafu, Mtakatifu Pankracij na wenzake wanaoleta baridi ya mwisho, walipita katikati ya Mei wakaacha jalidi kidogo tu kwenye majani ya viazi. Nikasema afadhali, sasa bado Mtakatifu Zofka, anayewafuata na mvua yake.

Unamkumbuka marehemu mama: maharage hayagusi udongo kabla Zofka Kikojozi hajakojoa. Sikukuu yake bila mvua hatukuijua utotoni. Sasa Rezka, kila nilipombembeleza ainuke, alikuwa na jibu moja tu. "Niache, Vinko. Zofka akishakojoa nitainuka nipande maharage yangu." Nikalishika neno hilo, maana sikuwa na lingine la kushika.

Siku ya Zofka ikafika. Jua kali, mbingu nyeupe, hata tone. Rezka akageukia ukutani. "Hajakojoa," akasema. Kesho yake vilevile, na wiki iliyofuata vilevile. Pavla akapanda ya kwake kwa kumwagilia na ndoo. Nilipomwambia Rezka, akanijibu kwamba Pavla hana dini.

Mei ikaisha hivyo. Nilikodolea macho upande wa magharibi kutafuta wingu mpaka shingo ikaniuma, na huku nyuma mguu wa mke wangu unakonda chini ya shuka. Niliogopa, dada yangu. Nilianza kuwaza nyumba hii bila sauti yake bustanini.

Basi nikafanya jambo ambalo mtu mwenye kipimamvua uani hapaswi kulifanya. Rezka alipokuwa amesinzia baada ya chakula cha mchana, nilivuta mpira wa maji, nikapanda ngazi nyuma ya nyumba, nikalinyeshea paa la chumba chake. Maji yakatiririka kwenye mlizamu, yakapiga kioo cha dirisha, mvua kabisa. Nilinyesha mpaka mkono ukafa ganzi.

Nikashuka, nikabadili shati, nikaingia ndani kama mtu anayetoka kwa kuku. Rezka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta viatu kwa mguu. "Zofka amekuja," akasema. "Lete mkono."

Tukatoka. Jua linawaka, udongo umekauka unapasuka, na shuka za Pavla zimejaa kamba nzima. Rezka akatazama hayo yote, akanyoosha mkono apewe mbegu. Aliniegemea akapanda mstari mmoja, akilalamika kwamba nachimba mashimo ya kuzikia mbwa. Uliisha mchana mzima kwa mstari huo.

Tangu hapo hutoka kila jioni na mkongojo wake kunigombeza kuhusu magugu. Maharage yameota. Mvua ya kweli haijanyesha mpaka leo, na siku ile nimeiandika kavu, kwa sababu kipimamvua hakikupata kitu.

Jana tulikuwa tunakula ugali wa ngano nyeusi na maziwa mgando, nikamuuliza kama haoni ajabu Zofka kuchelewa namna ile.

"Kuchelewa si neno," akasema. "Nilimhurumia tu, maskini, alivyokuwa anakohoa kule juu ya paa."

Halafu akainuka mwenyewe, akaenda jikoni kunichemshia dawa.

Nisalimie shemeji Ernesto, na Nadja na watoto wake. Rezka anakusalimu, anasema utume picha. Mungu awalinde, na mvua awape ya kiasi.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Vinko