Siku Uliporudi Kunichukua

Mama Akinyi,

Ni miezi saba sasa tangu tukuzike kwenu, kule karibu na ziwa. Nilipewa meza yako pale ofisi ya watoto, na watu bado wanaingia wakiuliza, "Mama Akinyi yuko?" Nikiwaambia sasa ni mimi, wengine wanageuka na kuondoka. Siwalaumu. Hata mimi nikisikia viatu vya mwanamke kwenye korido, huwa nainua kichwa.

Jana nimemrudisha mtoto kwa nyanya yake, na nilitaka sana kukuhadithia. Akinyi nilimpigia simu, akanisikiliza vizuri. Lakini si wewe.

Kwanza kuna jambo sikuwahi kukuambia. Unakumbuka nilivyokataa kukutajia jina langu kule kambi ya waliokimbia fujo za uchaguzi? Nilikuwa na miaka minane. Duka letu kule mji wa Moi's Bridge lilikuwa limechomwa, na katika kukimbia mkono wa mama ukaniponyoka. Lori likanileta Eldoret na watu nisiowajua. Uliketi kwenye nyasi mbele yangu na daftari lako, nikanyamaza, kwa sababu niliamini ni jina, linavyoonyesha kabila, lililofanya tuchomewe. Ukasema, "Basi usiniambie. Hata mimi langu siku hizi silisemi kwa sauti." Ukanipa uji. Ukarudi kesho yake. Siku ya tatu nikakwambia: Wanjiru.

Mama hatukumpata. Akaja binamu ya marehemu baba, ana kitambulisho, ana machozi. Ulijaza fomu, nikaenda naye. Kwake nililala jikoni. Nilichota maji, nikalea mapacha wao, na shule sikuiona. Mkewe alikuwa ananichapa na waya. Nilikuwa nimeacha kungoja mtu yeyote siku ile ulipofika bila taarifa, viatu vimejaa matope. Mkewe akakwambia mimi ni mtundu, naangukaanguka. Ukaomba nikusindikize hadi getini. Hapo ukapandisha mkono wa sweta yangu, ukatazama, ukaushusha polepole. Hatukurudi ndani hata kuchukua nguo.

Njiani ulisimama. "Wanjiru, nilikosea. Nilikupeana, halafu nikakaa miezi minne bila kuja kukuona. Nisamehe."

Sikujibu. Sikujua mtu mzima anaweza kumwambia mtoto hivyo. Korti ikaruhusu nikae kwako, nikala kwako, nikasoma, nikalala kitanda kimoja na Akinyi, na miaka yote hiyo jibu nilikuwa nalo. Hata kule hospitali, nilipokukata kucha, tuliongea tu habari ya mvua na mahindi. Nilikusamehe palepale barabarani. Nilipaswa kukuambia. Naumia kwamba sikukuambia.

Sasa huyu mtoto. Anaitwa Chebet, ana miaka kumi. Shangazi yake alimtoa kwa nyanya yake, mji mdogo wa Ziwa, akimwahidi shule, akamleta kwake hapa mjini, mtaa wa Elgon View. Mama anayefanya kazi nyumba ya jirani ndiye aliyekuja ofisini kuniambia kwamba anamwona akifua mchana kutwa. Nilienda Jumatatu. Nilipiga simu kwanza, nikaona ni heshima, nyumba kubwa kama ile. Nikapewa chai. Chebet akaletwa akiwa na yunifomu safi, akasema yuko sawa, akimwangalia shangazi. Nikaaga.

Usiku huo sikula. Yunifomu ile ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Asubuhi nikaenda shule aliyoitaja shangazi, na mwalimu akatafuta jina lake kwenye rejista zote, hakuna. Nikarudi kule na askari wa kike wa dawati la watoto. Safari hii tulimkuta nyuma ya nyumba, mikono ndani ya beseni, ngozi ya vidole imechubuka kwa sabuni. Aliponiona hakukimbia. Aliniuliza tu, "Utaniacha tena?"

Mama Akinyi, nilitamani ungekuwa hapo uniambie niseme nini.

Nikachutama, nikamwambia, "Nilikosea kuondoka jana. Nisamehe." "Sawa," akasema. "Lakini siku ingine usipige simu."

Shangazi ameitwa kortini. Chebet tulimpeleka kwanza akatibiwe, na jana korti imekubali akae na nyanya yake kule Ziwa. Nyanya alikuwa anaamini mtoto anasoma. Alishika ile mikono akaipaka mafuta ya ng'ombe, na mimi nikatoka nje nikasimama karibu na zizi mpaka nikaweza kurudi ndani. Jumatatu ijayo anaanza shule pale senta, karibu na maduka.

Ninakukosa vibaya. Ninakukosa nikiandika ripoti na hakuna wa kuisoma, aseme, "Hapa umeandika juu ya nyumba, mtoto mwenyewe yuko wapi?" Ninakukosa Jumapili baada ya kanisa, kiti chako kikiwa wazi na Akinyi akikaa cha pembeni.

Wiki ijayo nitapita Ziwa bila kumwambia mtu. Nitapita tena mwezi ujao, na mwingine, hata siku faili ikiwa imefungwa na mkubwa akiuliza naenda kufanya nini. Kila mtoto nitakayempeana, nitarudi kumwona kwa macho yangu. Hiyo nakuahidi.

Pumzika sasa. Mimi naenda kazini.

Wako,
Wanjiru