Achuka Aliliona Wiki Jana

Lodwar, Alhamisi

...na kumbe Achuka alijua. Hilo ndilo linaloniuma, si aibu yenyewe.

Leo Kakuma, mbele ya wakubwa wa stoo ya dawa, nilifunga dirisha la programu niliyowaandikia kwa C, lugha ya kompyuta, na programu nzima ikaanguka. Nilikuwa nimeachilia kumbukumbu ya kompyuta iliyolishika dirisha bila kuizima ile fanksheni, kile kipande cha maagizo, niliyoagiza iitwe kila sekunde kulisasisha. Ikaitwa, ikaenda, ikakuta boma limehama, majivu tu.

Nikabaki nacheka peke yangu. Achuka, mwenzangu wa kazi miaka yote hii, akainuka akawaeleza kosa lote, hata mstari wenyewe.

Nje nikamwuliza, "Uliliona lini?"

"Wiki jana, mzee wangu."

"Na ukanyamaza?"

"Si wewe husema C unaijua kama mbuzi zako?"

Sina mbuzi hata mmoja. Na sasa kazi ya programu ya stoo wamempa yeye.

Nimesharekebisha: fanksheni inazimwa kwanza, ndipo kumbukumbu inaachiliwa. Mstari mmoja tu! Angeniambia hata kwa simu.

Jina lake bado liko kwenye programu, juu ya langu. Nililiweka mwenyewe, kwa heshima. Nimetaka kulifuta, lakini naogopa nikigusa itaanguka tena.