Kemunto Alitia Mkono, Mimi Nilitega Sikio

Jumatano. Mvua ya mawe mchana, baridi, na roho yangu mbaya.

Ona aibu, mwanamke mzima mwenye wajukuu saba! Majani yako ya chai yamemwagwa nyasini mbele ya kijiji kizima cha Manga, na bado unajiita mwanafunzi bora wa ngumbaru, darasa la watu wazima.

Karani wa kituo cha kununulia chai aliingiza mkono kwenye gunia langu, akautoa upesi. "Mama Mong'ina, haya yameungua kwa joto. Umeyashindilia kama mahindi." Watu wakacheka. Nikainama, nikajifanya natafuta kiatu.

Nyuma yangu alisimama Kemunto, mke mwenza wangu, na kikapu chake cha fito chenye matundu. Majani yake mabichi, yamepoa. Yakapimwa. Tena wanawake watano pale foleni walikuwa na vikapu kama hicho, vyote amesuka yeye, vyote amewauzia yeye.

Namwonea wivu. Haya, nimeandika.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyefundishwa. Baada ya uhuru, tulipong'oa wimbi ili tupande chai, bwana shamba alikuja akaeleza: majani mawili na kichipukizi, usishindilie, yapate hewa. Nilishika kila neno. Hata leo nakariri bila kukosea. Kemunto alisinzia, kisha akaondoka katikati ya somo, akaenda kushikashika miche. Na kule ngumbaru alikaa wiki mbili tu, akasema herufi zinamuumiza kichwa.

Lakini siku moja alitia mkono kwenye gunia lake mwenyewe, akasikia joto. Hakumuuliza mtu. Alikata fito, akasuka, akafumua, akasuka tena.

Nilimcheka. "Hicho ni cha chai ama ni tundu la kuku?"

"Cha chai, mkubwa. Njoo ushike."

Sikushika. Mimi nikishaambiwa jambo, nimelijua, nimemaliza. Naliweka kichwani kama sahani za wageni. Yeye asipogusa hajui, lakini akigusa tu, anaona pa kufanyia biashara.

Miaka yote hiyo yale maneno ya 'yapate hewa' nilikuwa nayo mimi. Kikapu akawa nacho yeye.

Nilipanda kilima na hasira hiyo njia nzima. Karibu na nyumbani ndipo nikakumbuka nilichosikia pale foleni, maana masikio yangu hayapumziki. "Kikapu ni kizuri, lakini hii kamba ya katani! Bega limechubuka." Watatu walisema hivyo, wakinong'onezana. Hakuna aliyemwambia Kemunto, naye hasikii, yuko na fito zake.

Mama yangu alinifundisha kusuka mkanda mpana wa maganda ya mgomba. Alinifundisha kwa kuimba: juu, chini, juu, rudi. Wimbo ule sijausahau hata pumzi moja.

Kumbe na mimi ninapo pa kuanzia. Wivu haujaisha, sitadanganya.

Basi sikia, mwanamke. Kesho mvua ikikatika, chuna maganda makavu kwenye migomba, usuke mikanda sita, mmoja wako na mitano ya wale wanawake wa foleni. Shuka kwa Kemunto, nunua kikapu chake bila kununa, ukifunge mkanda wako, ukijaze majani. Usimhubirie. Usimweleze hata neno moja.

Mtwike, atembee nacho.