Injini Ndani ya Sufuria ya Dada

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Shemeji hajambo? Bado anakataa kuvaa miwani na kusoma gazeti kwa kulibahatisha? Huku sisi tunaendelea vizuri. Binti yangu ameota tena meno mawili ya mbele na anayajaribia kwenye kila penseli anayoiona. Wifi yako amerudi salama kutoka mafunzoni. Mama mkwe bado yupo, mzima wa afya, na ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Barua yako nimeipata. Hasira zako nazo nimezipata, zilikuwa zimejaa mpaka kwenye bahasha. Unasema umesikia kwa wifi yako kwamba mama mkwe ameunguza moja ya zile sufuria pacha ulizotupatia siku ya harusi, na kwamba ukija mwezi ujao utamketisha umpashe. Dada, nakuomba, kabla hujamtungia mama wa watu maneno, isome barua hii mpaka chini. Habari hiyo ina kichwa na mkia, na wewe umeletewa mkia tu.

Unakumbuka ulivyonipa jina la Spana, siku nilipoifungua saa yako ya mezani nikashindwa kuirudisha? Basi Spana hajapona. Siku hizi ninafufua injini kuukuu za ndege ndogo, zile ndege za mchezo ambazo watu wazima hurusha uwanjani Jumapili huku wakijifanya wamewaletea watoto. Napenda hasa zile za mipigo minne. Nyingine hulia kama mbu aliyekasirika, lakini hizi huvuta, zikabana, zikawaka, zikapumua, na sauti yake ni ya mtu mzima anayeongea taratibu. Usicheke. Nakujua, umeshacheka.

Taabu yangu ni pa kuzifanyia kazi. Kule karakanani kwetu tunakata vioo, na injini ya kwanza niliyoiwasha pale ilitetemesha meza mpaka kioo cha kujitazamia cha mteja kikashuka ukutani. Mwenzangu akaniambia nichague, vioo au injini. Nikahamia jikoni. Huko wifi yako alifungua oveni akakuta mwili wa injini ukipashwa moto karibu na keki ya mtoto, ili beringi ilegee, akaapa kwamba siku atakayoona tena chuma kwenye chombo chake cha kupikia, mmoja wetu atahama. Na hakusema nani, lakini nilimwelewa.

Mama mkwe ndiye aliyeniuma zaidi. Mara ya kwanza kuniona nimepakata injini, alimuuliza mwanawe kwa upole kabisa kama mumewe ana vichezeo vingine. Miaka yote hii nimekuwa nikitamani siku moja tu mama yule anione mwanamume, si mtoto mwenye ndevu.

Sasa, wifi yako alipokwenda mafunzoni, mama akaja kutushikia nyumba. Wiki hiyohiyo fundi saa wa pale mtaani akaniuzia injini ya mipigo minne, akiapa kwamba iliwashwa mara moja tu. Dada, sijawahi kukutana na injini kuukuu iliyowashwa mara mbili. Zote ziliwashwa mara moja, na mtu mstaarabu. Hii ilikuwa imeganda kabisa, haizunguki hata kidogo, mafuta ya nyonyo yameungulia ndani yakawa kama sukari iliyosahauliwa motoni.

Dawa ya ugonjwa huo ni moja. Unaifungua injini yote, unaichemsha kwa moto mdogo, saa kadhaa, ndani ya maji ya rejeta, yale ya kijani wanayotia kwenye magari. Uchafu wote unaachia. Ila maji yale ni sumu, na sufuria iliyochemshiwa injini haipikiwi chakula tena maisha. Mimi hilo nilikuwa nalijua vizuri sana.

Nilikusudia kununua sufuria yangu, haki ya Mungu. Lakini siku ile mama alitoka kumtazama rafiki yake aliyelazwa, nyumba ikawa tupu, na zile pacha zako zilikuwa zimening'inia pale zikinitazama. Nikaishusha moja. Nikaipaka mkono rangi nyekundu ya kucha ya wifi yako ili nisije nikaichanganya na mwenzake, kisha nikatumbukiza kila kitu, mwili, vali, springi na vikorokoro vyake. Vyuma vilikuwa vimeanza kung'aa kama vipya niliposikia geti. Mama amerudi mapema! Nikaviopoa vyuma kwa kijiko, nikaisukuma sufuria na maji yake ya kijani chini ya sinki, nyuma ya ndoo, nikampokea mama mlangoni kwa tabasamu la mwizi.

Kesho yake jioni nikarudi kutoka kazini nikiwa na mpango wa kuitoa kimyakimya. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa amefanya usafi. Si usafi wako wewe wa kupitisha kitambaa, samahani, bali usafi wa mtu mwenye ugomvi na masizi. Vyombo vyote vimesuguliwa mpaka vinaumiza macho. Chini ya sinki hakuna kitu. Na ukutani sufuria zako pacha, zote mbili zimetakata, na hakuna hata moja yenye rangi nyekundu.

Maji yakanifika shingoni. Moja kati ya zile ni sumu, na siijui ni ipi. Kuuliza siwezi, maana kuuliza ni kusema, mama, nimepika injini jikoni kwa mwanao. Na wakati nikiwaza hayo, mama akaishusha moja akabandika maharage.

Nikajikwaa, dada. Nikajikwaa pale ambapo hapana kitu cha kujikwaa, maharage yote yakaenda sakafuni. Tukala mkate. Siku iliyofuata nikabeba kichwa cha mtungi wa gesi kwenye begi langu kwenda nacho kazini, nikidai kinavuja. Mama akaazima jiko la mkaa kwa jirani. Nikasema nimesikia redioni kwamba sufuria za aina hii zina walakini. Mama akanisikiliza hadi mwisho, akauliza ni redio gani, kisha akachemshia mayai kwenye birika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na kona nyingi tu.

Na balaa haliji peke yake. Nilipoanza kuiunga injini nikakuta imepungukiwa. Kila vali hushikiliwa na vipande viwili vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na kimoja hakipo. Bila hicho injini ni uzito wa kuzuilia karatasi. Mama alinikuta nimepiga magoti natafuta chini ya makochi, akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Kesho yake nikakuta shati zangu zote zimekazwa vifungo upya, hata zile ambazo hazikuwa na tatizo.

Katika kipindi hicho chote kazi moja tu niliifanya kwa moyo mweupe. Siku ile ya usafi mama alikuwa amepanda mche wa waridi barazani, kwenye chombo alichokivisha gunia, akaniomba niwe naumwagilia kila asubuhi. Nikaumwagilia kama ninayelea yatima. Angalau pale sikuwa namdanganya mtu.

Mwisho wa yote ulikuwa maziwa. Binti yangu aliomba maziwa ya moto, na kabla sijanyanyuka mama akashusha sufuria, akapasha, akayamimina kwenye kikombe cha mtoto. Kujikwaa nilishajikwaa, gesi nilishaisingizia, redio nilishaitumia. Nikamshika mama mkwe mkono. Dada, mkwe wangu mwenyewe, nilimshika mkono! Nikayatapika yote kwa pumzi moja: injini, maji ya rejeta, rangi ya kucha, maharage, redio, kifungo. Mtoto akaanza kunicheka.

Mama akautoa mkono wake polepole. Akakichukua kile kikombe, akanywa maziwa hadi nusu, akamkabidhi mtoto kilichobaki. Nikakirukia kikombe, nikakikuta kitupu. Kisha akaniita barazani, akalivua lile gunia kwenye waridi. Ndani yake, dada, ilikuwa sufuria yako. Ina madoa mekundu mkononi, na imetobolewa matundu kitakoni kwa msumari ili asije mtu akaipikia tena. Siku ileile ya kwanza alipoyaona maji ya kijani na kipande cha chuma kimezama ndani, alijua. Akayamwaga shimoni mbali na nyumba, akaenda sokoni akanunua sufuria nyingine ya kufanana, akaitundika mahali pa ile. Jikoni hapakuwa na sumu hata siku moja. Maharage yale nilikuwa nimeyamwaga bure.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema:

"Nilitaka nione kama utaniacha nile. Mwongo wewe ni mwongo, tena hodari. Lakini hukuniacha nile."

Kisha akafungua pindo la kitambaa chake cha mkononi, akaniwekea kwenye kiganja kile kipande kidogo kuliko punje ya mchele, akaniuliza hicho kidude kinawaka lini. Nililia, dada. Sioni haya kukuandikia.

Jumamosi tuliifunga injini kwenye benchi uani. Mara ya kwanza ilipiga teke kinyume, propela ikachomoka ikaenda kuanguka kwenye shuka za jirani. Mama akaenda kuifuata mwenyewe, akaomba radhi kwa niaba yangu. Mara ya pili ikakohoa, ikatoa moshi wa nyonyo, ikatulia, ikaanza kuongea. Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaisikiliza hadi mafuta yalipokwisha. Alisema inakoroma kama marehemu mzee wake, tofauti ni kwamba hii ina pa kuizimia.

Sasa ndiyo nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Wifi yako aliporudi, alinyanyua ile sufuria mpya akajua papo hapo kwamba ni nyepesi, si yako. Akauliza. Mimi nikajimiminia chai. Mama mkwe, aliyekuwa anakunja nguo, akasema bila kuinua kichwa kwamba aliunguza maharage, sufuria ikaharibika, akanunua nyingine. Mwanawe akamnunia, akakupigia simu wewe, nawe ukamchukia. Yeye akaendelea kukunja nguo. Nami nilikaa pembeni nikinywa chai. Mama ambaye hajawahi kuunguza hata maji amelibeba jina la mpishi mbaya kwa ajili yangu.

Kwa hiyo, dada, nasema kwa maandishi. Sufuria yako niliiharibu mimi, mdogo wako, kwa mikono yangu miwili. Maneno uliyoyaandaa, uje nayo yote, ila unimwagie mimi. Wifi yako nitamwambia leo jioni. Nikishindwa, barua hii iko njiani kwako na simu unayo, kwa hiyo nimejifungia mlango wa kukimbilia.

Nisalimie shemeji na umwambie miwani si aibu. Shangazi yake mtu anasubiriwa hapa kwa hamu na binti yangu, pamoja na penseli zake. Mama mkwe anakusalimu sana. Waridi limetoa kichipukizi, na amesema hicho ni chako, utaondoka nacho. Anasema pia, ukiwa unafunga mizigo, uangalie kama una sufuria kuukuu isiyo na mwenyewe, maana fundi saa ana injini nyingine, nayo iliwashwa mara moja tu, na mama amenikataza kumwachia mtu mwingine.

Mdogo wako akupendaye, mkosefu wa sufuria,

Spana