Kilo Nne za Bibi

Mtopanga,
14 Juni 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata nilipokosea.

Sisi tu wazima. Paka amezaa ndani ya mkoba wangu wa shule.

Barua yako ya kuagiza Bibi atolewe kwenye mazoezi kule nyumba ya wazee Chaani imefika. Shangazi ataipeleka mwisho wa mwezi. Kosa ni langu, Baba. Nilikuandikia kuwa Bibi amepungua kilo nne, ukadhani wanamnyima chakula na kumchosha kwa mazoezi. Sikukuambia kwamba Sista Rosalia, muuguzi wao, alimpima pia mkono na paja, akasema, "Mafuta yamepungua, lakini nyama zimekaza."

Kila asubuhi wazee kumi na wawili huketi vitini pamoja, wakiinua chupa zilizojaa mchanga. Mzee Faki humtania Bibi: "Mwanasaumu, wajikondesha hivyo, wataka mchumba?"

"Nikimtaka, si wewe! Hata kuinuka huwezi."

Ijumaa Bibi alikataa kuswali kitini. Alisujudu mkekani, kisha akainuka mwenyewe bila kushikwa. Wallahi nililia.

Ulipompeleka kule ulimwambia kuwa siku atakayoinuka chini peke yake, utamrudisha nyumbani. Hajasahau. Kila nikienda huniuliza kama kitanda chake bado kiko dirishani. Nami sijui nimjibu nini, kwa kuwa Shangazi amekigawa.

Tafadhali nijibu upesi, kabla mwezi haujaisha: ile ahadi, Baba, bado ipo?

Mwanao,
Mwanarehema