Nilikuandika Huna Kazi

Mama yangu mpendwa,

Juzi nilisimama mbele ya wanafunzi wangu wa uchumi nikawafundisha kwamba kazi ya mwanamke, hata isipoleta fedha mkononi, ni kazi na ihesabiwe. Siku hizi jambo hilo lina kozi yake kabisa, jinsia na uchumi, na mwalimu wake ni mimi. Kipindi kilipoisha nilijifungia ofisini nikalia kwa ajili yako.

Unaikumbuka ile likizo niliyokuja kijijini kwetu Ikombe na madodoso ya utafiti? Soko huria lilikuwa limepamba moto, sufuria za bei rahisi zimejaa madukani Kyela, na wakubwa walitaka kujua kaya za mwambao wa ziwa zinaishije. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, kichwa kikubwa, nilianzia nyumbani. Ulikuwa umekaa chini, udongo hadi viwikoni, unakitengeneza mdomo chungu kikubwa.

"Mama wa kaya anafanya kazi gani?" nikakuuliza, kana kwamba sikujui.

Ulicheka. "Kwani hunioni?"

Nilikuona. Lakini maelekezo yalisema kazi ni ile inayoleta fedha, na vyungu vyako havikuleta fedha. Mliuza kwa desturi yenu: mnunuzi anakijaza chungu mpunga hadi mdomoni, wewe unabaki na mpunga, yeye anaondoka na chungu. Kwa baba niliandika mvuvi. Kwako niliandika hana kazi. Ukataka kujua nimeandika nini, maana hukujua kusoma.

"Mfinyanzi, mama," nikakudanganya.

"Ndaga, mwanangu," ulishukuru, ukaendelea kulainisha chungu chako.

Wenzangu nao waliandika vivyo hivyo nyumba kwa nyumba. Mradi uliotokana na utafiti ule ulipokuja ulileta nyavu za wanaume. Boti ya kupeleka vyungu mnadani Matema, mliyoiomba akina mama, haikuja, kwa sababu kwenye karatasi zetu Ikombe haikuwa na mfinyanzi hata mmoja. Mkaendelea kuujaza mtumbwi kupita kiasi. Masika yale ziwa lilichafuka mkiwa njiani, ukazama na vyungu vyako. Tulikupata siku ya tatu.

Nimeandika makala nyingi kuhusu wanawake wasiohesabiwa, nimepigiwa makofi, na wewe sijakutaja popote. Naogopa. Mwezi uliopita nilirudi na dodoso jipya, nililolitunga mwenyewe, linalouliza kila saa ya mwanamke tangu anapoamka. Nilianza na mama mdogo, mdogo wako, anayefinyanga sasa palepale ulipokuwa ukikaa. Nikamuuliza kazi yake.

"Andika hana kazi," akasema bila kuniangalia. "Si ndivyo ulivyomwandika dada?"

Ndipo akanisimulia. Kumbe siku nyavu zilipogawiwa, akina mama waliuliza kulikoni, na mwenyekiti wa kijiji akawasomea karatasi zile, kaya moja baada ya nyingine. Nawe ulikuwepo, mama. Ulijua, na likizo iliyofuata ukaniandalia safari ya kurudi chuoni kama kawaida, ukanifungia na mchele.

"Alisema nini?" nikamuuliza mama mdogo.

"Alisema mtoto alikuwa amechoka siku ile. Akatukataza tusikuulize."

Sikuwa nimechoka, mama. Nilikuwa nimetoka kula wali wako, nimeshiba.

Pumzika. Ni mimi,
kifungua mimba wako